Tumbo ya Bata

…tena hii maneno, leo tena, sawa vile mi niko radio, muntu anafika, anakaa pa kiti yangu mwenyewe, anageuza kifungo na anangoja niimbe, kwanza alikuya ule musichana ya parokia, kiisha alikuya ule bwana ya radio, na viatu ya kung'aa, alikanyaga sombe yangu, majani ya muhogo, na leo huyu, Cathy, asema anatoka ku association yenye kuchunga bantu benye kununua bintu, kwani bantu benye kununua bintu ni kondoo, ananiita nkambo sawa mi nilizaa mama yake, asema elezea tu, pole pole, kutoka mwanzo, na telefone anaisimika mbele ya kinywa yangu sawa kijiko ya dawa, na mi nafanya nini, napepea mbabula na kipande ya carton, makala iko mabichi, moshi inaniingia mu macho, akiona machozi atafikiri ni ya maneno yake, hapana mama, ni ya makala, siku hizi banailoweshaka na mai juu gunia ipate uzito, mu hii muji kila kintu iko na uongo ndani, hata moto. Anangoja. Kucha yake iko nyekundu, safi, mikono ya muntu mwenye hapondake sombe. Angélique hayuko, njo balaa yangu, angekuwa hapa angemujibu yeye, mutoto ni yake, mi nilimuzaa Angélique, yeye njo alizaa Merdi, lakini ameenda kutafuta sonde mupya, mupira ya kulishia mutoto, ile ya zamani imeanza kuvuja, na Lucien bwana yake eko mu njia ya Kasumbalesa, anaendesha camion ya bantu bengine, basi nabaki mi na Merdi na huyu mwenye kungoja, na Merdi eko pa mukeka, anapiga kifuniko ya sufuria, ku, ku, ku, shati imepanda, ule mupira unaonekana vile unatoka mu tumbo yake na sparadrap ku kando, mwache aangalie, alikuya kuangalia, aangalie muzuri. Asema nkambo, nataka jina tu. Ya mwenye aliuzisha ile bata ya kuchezea. Jina tu, nkambo, ingine yote tutafanya siye.

Jina tu. Anasema jina sawa vile muntu analomba chumvi.

Nimemunyamazia, anafikiri sisikii, basi ananielezea, bantu ya shule habajue kukaa na kimya, lazima baijaze, asema nkambo, bintu ya kuchezea ya batoto iko na sheria yake, norme, mbele ya kuiuzisha banaiangusha chini kuona kama inavunjika, banaivuta macho, banaivuta miguu, kiisha banatwaa kakopo kamoja kenye upana sawa koo ya mutoto mudogo, kila kipande yenye kuingia mule ndani haifai kwa mutoto mwenye hajafika miaka tatu, na mulango ya pile, ile betri ya ndani, lazima ifungwe na vis, skurubu, mutoto asiweze kuifungua na vidole yake wala na meno, lazima tournevis ya kuizungusha, nkambo, lazima mukubwa. Nasikia. Kakopo kenye upana ya koo. Hapa kwetu, mama, ile kakopo ya kupimia njo Merdi, tulipima, iliingia, andika. Sisemi, nawaza tu, napepea, mai ya kusonga bukari iko baridi bado mu sufuria.

Ilikuwa siku ya batizo. Padiri alimumwangia mai, hakulia, bantu balisema huyu atakuwa askofu, tulirudi hapa, ku Kampemba, mu hii kiwanja, biere, kuku, na mujomba yake akaingia na carton ya ku meza yake ya soko chini ya kwapa, Clément, Clément yangu, kitinda mimba yangu, huyu mwenye alipanda mwenyewe juu ya nyumba kuniwekea mabati mupya, aliingia anacheka, asema iko wapi ule mukristu, na alitosha ile bata, ya manjano, ya plastique, unaifinya ku mugongo macho inawaka nyekundu na inaimba wimbo ya Bachina, inatembea, inagonga ukuta, inageuka yenyewe, inarudi, bakubwa balicheka kupita batoto, hata Donat, ndugu ya marehemu bwana yangu, muzee mwenye hachekake, alilomba baiweke tena chini aone vile inageuka. Na ku carton kulikuwa kale kasura ya mutoto mwenye kununa, mustari imekata juu yake, na kando 0-3, Clément alikuwa anaonyesha bamama, asema muone, kutoka sifuri mpaka miaka tatu, ukimupa hii halii tena, na bamama balisema ee, kweli, hata Bachina banajua malezi, nani atajua, mi nilisoma mpaka kwenye sista ananionyesha kuandika jina yangu na baba akasema inatosha, lakini yeye, Clément, nilimusomesha, mpaka diplôme, huyu mwenye anasoma 0-3 na anaona njia ya kuuzisha.

Cathy asema kama mumechoka nitangoja. Ngoja. Makala haijawaka.

Kiisha mutoto akaanza kutema mate. Mate, mate, kifua yote maji, chakula anasukuma na mukono, jirani asema ni meno, kila kintu ya mutoto ku hii avenue ni meno, mutoto anaharisha ni meno, anaanguka ni meno, siku moja mutoto atagongwa na pikipiki ku barabara batasema ni meno. Angélique alimupaka dawa ya meno. Mate ilianza kutoka na ka damu, uzi mwembamba, mwekundu, njo tulibeba ku lupitalo, kule balimupiga picha, infirmier alishika ile picha ku dirisha, kaduara keupe katikati ya kifua, asema ni pièce, amemeza feza, mungoje, itashuka, mutaipata pa pot, mu choo yake. Docteur alikuya, kijana, alitwaa ile picha, aliikaribisha ku jicho, asema pièce haikuake na pete mbili. Asema ni pile. Ile ya kuwasha macho ya bata. Mpaka pale docteur alikuwa anasema na siye français, bakubwa banafanyaka vile, lakini sasa akakaa pa kitanda na akaanza kusema Swahili, pole pole, mama, ile kintu haikukwama tu, mate ikiigusa inachoma, inachoma hata kama imekufa, hata kama haiwashe tena bata, inachoma nyama, na njo nilijua maneno imeharibika, juu docteur akiacha français anakuambia kweli. Balitosha pile. Nyeusi, sawa jino ya muvuta bangi. Njia ya chakula ilibaki kidonda, kidonda ikakauka, ikajikaza, ikafunga, leo hata mate yake mwenyewe inapita na shida, na tumbo iko muzuri, ile njo inaniuma, tumbo iko muzuri kabisa, na njaa yake yote, na juu mulango imefungwa, basi balitoboa dirisha ku kando, tunamwangia uji na seringue sawa vile unaweka essence mu tanki ya pikipiki. Docteur asema labda siku moja batapanua ile njia. Labda. Ku Kinshasa, asema, ao Afrika ya Kusini. Sawa mi niko na shangazi kule.

Ku, ku, ku, Merdi, acha ile kifuniko, kichwa yangu.

Nkambo, asema, minajua ni maneno ya nguvu. Anajua. Eko na miaka ngapi, hajazaa, tumbo yake iko sawa meza, anajua nini. Lakini sauti yake iko chini, hanisukume, ule ya radio alikuwa ananisukuma, asema lia kidogo mama, hapana hakusema vile, lakini macho yake ilisema. Huyu asema nkambo, nilienda ku ofisi ya commune, nilibaambia ku soko kunauzishwa bintu ya kuua batoto, baliniuliza nani alilalamika, nilisema hakuna, basi balisema hakuna muntu, hakuna kesi, tunaweza kukamata nani. Bila muntu ya nyumba yenye iliumia, mi niko na domo tu. Njo nalomba jina.

Na mi nitamuambia nini, kama siye kwetu hii maneno ilimalizika, ilimalizika na sheria yake, haiko sheria ya Bulaya, iko yetu, hapa hapa, bantu balikaa, pande ya Lucien, Bakasai na veste zao, na pande yetu Donat na mi na Clément katikati sawa mwizi ya kuku, na Donat alimuuliza, mutoto yangu, sema, vis ya mulango ya bata ilikuwa wapi, na Clément, mi nilikuwa nangoja alie, hakulia, alielezea, alielezea sawa muntu mwenye anafundisha kazi, asema bababa, musikie, bantu ya huku habanunue kintu bila kujaribu, eko anakuya, asema washa, nawasha, asema imbisha, inaimba, asema sauti iko chini, weka pile ingine, nafungua kavis, nabadilisha, nafunga, asema na ile ya rangi ya buluu, jaribu na ile, nafungua tena, nafunga tena, kiisha anaenda kununua ku jirani yangu juu kule banamujaribishia mbio, basi nilikaa siku moja, nilitosha vis ya bata yote, mulango nilifunga na scotch, utepe ya gundi, njo kazi inatembea. Lucien akamugeukia. Asema, shemeji. Ku telefone yako uliweka kioo ya kuilinda isipasuke. Ku mulango ya nyumba yako iko kufuli mbili. Ku bata ya mutoto yangu, scotch. Clément asema scotch ya muzuri, shemeji, ile ya carton. Na muzee mumoja ya pande ya Lucien akacheka, hakutaka, ilimutoka tu, na kiisha aliinama kufunga kamba ya kiatu yake.

Balikata kesi na mbuzi. Clément ataleta mbuzi, dume, nyeusi, na ataipika mwenyewe, hata kama hajui kupika, na bantu ya pande mbili batakula pamoja, na vile banafanyaka tangu bankambo, mwenye kuumia njo anaonja wa kwanza, maini, kipande ya maini, akiisha kuonja na wengine banakula, na mukiisha kula kinywa imefungwa, hakuna kupeleka hii maneno ku polisi, wala ku kanisa, wala ku jirani, mwenye kuitoa inje ile nyama itamugeukia mu tumbo, Donat alisema vile, na siye bote tuliitika. Mbuzi ilikuya. Ilipikwa, vibaya, chumvi mingi. Tulikula. Ule ya parokia nilimuambia muombee mutoto, basi. Ule ya radio nilimupa habari ya makala. Na huyu nitamuambia nini, nitamuambia mama, nilikula nyama, siwezi kutapika.

Sasa anafungua kasaki yake, anatafuta, asema nkambo, minajua haiko muzuri kukuonyesha hii, lakini nilinunua asubui, ku soko, mu ile mustari yenye banapanga bintu ya batoto, kila meza iko nayo, sijue njo meza ya ule muntu ao ya mwingine, mama mwenye aliniuzishia asema usiogope, siku hizi tunaiimarisha, iko solide. Na anatosha bata. Ya manjano. Anaigeuza tumbo juu. Mahali ya vis kuko katundu, tupu, na juu yake scotch, ya carton, haiko moja, mbili, imepandana sawa musalaba, na ncha yake haikukatwa na makasi, imekatwa na meno, na katikati ya alama ya meno kuko kanafasi, kadogo, kenye hakuna jino. Clément alivunja jino ya mbele ku reli, akicheza mpira na batoto ya bacheminots, bantu ya treni, nilimupiga siku ile juu ya jino, kiisha nilimupikia uji juu asitafune. Nikiona muguu yake mu matope nitaijua. Nikiona meno yake ku scotch, nitasema sijui?

Scotch mbili. Alikaa, aliwaza, mutoto ya dada yake eko na mupira mu tumbo, na aliwaza mpaka akafika pa scotch mbili.

Nilifikiri alizichoma zile bata. Hakusema atazichoma, mi njo nilifikiri, muntu anafikiriaka tu kwamba mwingine aliona ile yeye aliona. Na muke yake Hortense pale ku meza, njo yeye alisema solide, nasikia hata sauti yake, ile ya pua, solide, mama, beba.

Na Merdi ameona. Ameacha kifuniko. Anakuya na magoti, hatembee muzuri tangu lupitalo, anakuya mbio, mukono mbele, na ile sauti yake ya kukwaruza, bata, hakusema bata, hasemake, lakini ilikuwa bata, na huyu Cathy hajui kazi yake, anamupa, hapana, anaficha, hapana, ameisha kuikamata, anaifinya mugongo, macho inawaka, ule wimbo wa Bachina, na mutoto anacheka, mi nilifikiri atalia, nilifikiri kichwa yake inakumbuka, lakini mutoto hakumbukake mwenye alimuua kama aliua na wimbo, anacheka, anaiangalia muzuri, na anafungua kinywa na anaingiza mudomo ya bata ndani, sawa vile anaingizaka kila kintu, kifuniko, kiatu, mukono yangu, juu njaa eko nayo kila saa. Cathy ameitosha mu kinywa yake pole pole, mate imebaki ku plastique, anaipangusa na pagne yake. Muzuri. Mara moja bantu ya shule banajua kunyamaza.

Ile kinywa. Niliona ile kinywa ikifunguka vile, lini, siku ya mbuzi, vile vile, Donat alibeba kipande ya maini pa sahani nyeupe, alipita mbele ya bantu bote, alipiga goti mbele ya Merdi, asema baba, onja, na Merdi alifungua kinywa, kubwa, sawa katoto ya ndege, alitoka lupitalo ile wiki, hajaweka kintu ku ulimi tangu pale, moshi ya nyama ilikuwa inamuita tangu asubui, alifungua, na Angélique akamuwekea mukono juu. Kiganja yote. Mutoto alilia ndani ya kiganja. Na Donat alibaki na maini, alituangalia, hakujua, bankambo habakuacha sheria ya mutoto mwenye hana koo, kiisha alisema baba yake ataonja kwa niaba, na Lucien alionja, alitafuna, machozi ilianguka mu sahani, tulisema imekwisha, asante, imekwisha, na siye bote tukaingiza mikono mu nyungu, na mi niliingiza, na ilikuwa na chumvi.

Lakini mwenye kuumia hakuonja.

Bakubwa balionja. Baba yake alionja, baba yake haikumuchoma koo. Donat alionja, Clément mwenyewe alikula, alikula sana, nilimuona anavunja mufupa kutafuta bongo ya ndani. Mwenye kuumia alibaki na kiganja pa kinywa. Basi ile mbuzi ilikuwa chakula, mbuzi ya Pasaka, ya sherehe ya bureau, ya nini, ile haikufunga kintu, hakuna kinywa yenye ilifungwa siku ile isipokuwa ya Merdi, na yake ilifungwa na pile. Na mi nachunga nyama ya bure mu tumbo, mwaka yote, naogopa igeuke, igeuke na nini. Hakuna kintu ya kugeuka. Na ku soko mama mwingine eko anasema jaribu ile ya buluu.

Batamukamata. Batapanga bintu yake mu camionnette, nusu batagawana bao kwa bao, najua, batamufunga mahali yenye bantu banalalaka kwa zamu, Hortense atakuya hapa na batoto yake na atalia pa mulango ili avenue yote isikie, atasema muone mama mwenye aliuzisha mutoto yake, na avenue itaitika ee, bale bale benye kusema meno. Angélique atanyamaza. Hakuna mwenye ataleta unga. Na siku nitakufa, nani atatupa udongo ya kwanza, bakubwa yake banaume balikwisha kufa, nilibaki na yeye, kitinda mimba njo mwenye kumuzika mama, hakuna mwingine, nitazikwa na bantu ya kanisa, benye kuimba vibaya. Yote ile najua. Napima, sawa na ile kakopo yao, napima kama inapita mu koo yangu, na inapita, inachoma na inapita.

Nkambo, asema Cathy, kama haiwezekani leo, nitarudi. Telefone iko pale pale, ameishika sasa na mukono ingine. Mai haijachemka. Merdi amerudi pa kifuniko yake, ku, ku, na bata iko mu kasaki, macho yake ingali inawaka, naona nyekundu kupita mu kitambaa, inazima, inawaka. Usirudi, mama. Kaa. Acha tu nimalize kukohoa huu moshi, kiisha utasikia jina, ni jina muzuri, bwana yangu njo aliichagua. Alifikiri amelipa, Clément, alifikiri iliishia ku mbuzi dume, nyeusi, mutoto yangu mwenye akili ya soko, lakini ile ilikuwa deni ya bakubwa, ya Merdi bado, na kwa Merdi habakubali mbuzi, atalipa ile yenye hakuna meza ku soko itamupa ingine, hata kama anajaribu zote, atalipa na kumupoteza mama yake.